Tomi Si Koko

Kadi ya chanjo ya mbwa ni karatasi ngumu iliyokunjwa katikati. Ina mstari wa jina la mwenye mbwa, jina la mbwa, jinsia, umri, rangi, kisha mstari mmoja ulioandikwa "Aina". Mwaka juzi, siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa mtaani kwetu Tanga, kijana aliyekuwa akijaza kadi hakuniuliza kitu kwenye mstari huo. Alimtupia Tomi jicho moja, akaona masikio yaliyosimama, mkia uliojikunja na manyoya ya rangi ya udongo mwekundu, akaandika: Koko. Akagonga muhuri, akaita anayefuata.

Mimi sikuona tatizo. Aliyeliona ni mpwa wangu, wakati huo ana miaka tisa, ambaye kazi yake siku ile ilikuwa kushika kamba. Aliichukua kadi akaisoma tukiwa njiani, akasimama.

"Mjomba, wamemwandika Tomi koko."

Nikamwambia ndiyo, si ndiyo aina yake.

"Koko ni mbwa asiye na kwao. Tomi ana kwao. Kwao ni kwa Bibi."

Nilicheka, kama sisi watu wazima tunavyocheka tukibanwa na mtoto. Tulipofika nyumbani nikamsimulia mama yangu, yaani huyo Bibi mwenyewe, nikitegemea naye atacheka. Hakucheka. Alikuwa anachambua mchele. Akasema bila kuinua macho: "Afadhali yeye kaandikiwa kwenye kadi. Sisi tuliitwa tu njiani."

Hapo lazima nieleze. Babu yangu mzaa mama alikuwa Mshihiri mwenye duka dogo. Mkewe alikuwa Mzigua wa upande wa Handeni. Kwa ndugu wa babu, bibi yangu aliitwa mshenzi, wala si kwa ugomvi. Walilitaja neno hilo kama mtu anavyotaja kabila. Mama yangu aliitwa chotara, na siku alizokosea, suriama. Kwa hiyo swali kwamba maneno tunayowaita mbwa waliochanganyika yana ubaya au hayana, kwa watu wengine ni la kuchekesha, ila nyumbani kwetu lina wenyewe. Nimekaa nalo miaka miwili, nikipekua kamusi na vitabu. Nilidhani ninatafuta historia ya mbwa. Nimekuta historia ya watu, na mbwa wameburuzwa humo bila kuulizwa.

Tuanze na koko lenyewe. Siku hizi mtu akisema mbwa koko anaweza kuwa na maana mbili, na mara nyingi hajui ni ipi kati yake anayoitumia. Ya kwanza ni mbwa wa mitaani, asiye na mwenyewe, wa kuokoteza jalalani. Ya pili ni mbwa yeyote asiye "wa kizungu", hata kama amefungwa kamba na analala barazani kwa watu. Lakini ukirudi kwenye kamusi za zamani, zile zilizotungwa enzi za wamisionari na wakoloni, koko linahusishwa na kichaka. Mbwa koko ni mbwa wa kichakani, nusu wa porini. Yaani neno halikuwa likisema chochote kuhusu baba yake mbwa wala mama yake. Lilisema anakaa wapi. Huyu wa mjini, yule wa vichakani.

Hapo ndipo tunapotofautiana na Waingereza. Neno lao "mongrel" lina mzizi wenye maana ya kuchanganya, na linazungumzia damu tangu kuzaliwa kwake. Ni la zamani kweli. Kitabu cha uwindaji kilichochapwa St Albans mwaka 1486 kinaorodhesha aina za mbwa, na katika orodha hiyo "bastard" na "mongrel" wamo, wamekaa pamoja na mbwa wa mbio na mbwa wa ulinzi, kama aina nyingine tu. Miaka kama mia moja na ishirini baadaye Shakespeare akaichukua orodha ya namna hiyo akaipeleka pabaya. Kwenye Macbeth, tamthilia ambayo S. S. Mushi alitupatia kwa Kiswahili mwaka 1968, mfalme anawashawishi watu wawili wakaue. Wao wanamwambia kwamba ni wanaume. Naye anawajibu kwamba ndiyo, kwenye daftari wanahesabiwa wanaume, kama vile majibwa ya kila namna yanavyohesabiwa mbwa. Halafu anawaambia waonyeshe kama wako juu ya orodha au mkiani. Nilisoma sehemu hiyo nikiwa kidato cha tano na sikuielewa. Sasa naielewa: anayetaka kukutumia huanza kwa kukuonyesha mahali pako kwenye orodha.

Hata hivyo orodha hizo za kale ziliwapanga mbwa kwa kazi. Huyu anafukuza sungura, huyu analinda lango. Mbwa aliyefanya kazi ya kuchunga kondoo alikuwa mbwa wa kondoo, na hakuna aliyemuuliza babu yake alikuwa nani. Kilichobadili mambo ni karne ya 19. Mwaka 1873 mabwana wa London walianzisha Kennel Club, na mwaka uliofuata wakatoa kitabu chao cha kwanza cha nasaba za mbwa. Kuanzia hapo mbwa safi ni mbwa ambaye baba na mama yake wameandikwa, na asiyeandikwa ni mchanganyiko hata kama amezaliwa na mbwa wanaofanana naye kama mapacha. Tuzingatie hapo, kwa sababu usafi unaozungumzwa ni usafi wa daftari. Huyo Jemani shepadi tunayemwogopa kwenye mageti ya Masaki na Karen alianza kuwa "aina" mwaka 1899, pale Max von Stephanitz alipomnunua mbwa mmoja wa wachungaji akampa jina jipya na namba ya kwanza kwenye kitabu. Kabla ya hapo walikuwa mbwa wa wachungaji wa Kijerumani, wa maumbo na rangi tofauti. Kwa lugha ya kijana wa chanjo, walikuwa koko.

Na daftari hilo halikubaki kwa mbwa. Miaka kumi baada ya Kennel Club, mwaka 1883, Francis Galton alibuni neno la sayansi yake ya kuboresha vizazi vya binadamu, na mfano aliopenda kuutumia ulikuwa wa wafugaji. Mwaka 1908 mwanasayansi wa Kijerumani, Eugen Fischer, alikwenda Rehoboth, katika nchi ambayo leo ni Namibia, kuwapima vichwa na nywele watu waliozaliwa na wanaume wa Kizungu na wanawake wa Kikhoikhoi. Kitabu chake cha 1913 kiliwaita "Bastards" kwenye jalada. Mwaka 1935 sheria za Nuremberg zikawagawa Wajerumani kwa kuhesabu mababu, na neno la kisheria la aliyechanganyika likawa "Mischling", neno ambalo Mjerumani angeweza kulitumia kwa mbwa bila kubadili herufi hata moja.

Lakini watu wa Rehoboth wenyewe wanajiita Baster hadi leo, tena kwa fahari. Walikuwa wakijiita hivyo kabla Fischer hajafika, na hawakuona sababu ya kuliacha jina lao kwa sababu mtu mmoja alikuja na rula. Mama yangu nilipomweleza hilo alifikiri kidogo, akasema, "Wao walikuwa wengi." Sijapata jibu.

Turudi Pwani. Chotara ni neno la ajabu, kwa sababu thamani yake inabadilika kulingana na miguu. Ukiwa na miguu miwili na mabawa, chotara ni sifa: kuku chotara anataga zaidi ya wa kienyeji na anavumilia magonjwa kuliko wa kisasa, na vifaranga vyake vinauzwa kwa kuagiza. Ukiwa na miguu minne na kiwele, ni bei: ng'ombe chotara ndiye anayesomesha watoto Lushoto na Kilimanjaro. Mtu akisema "ng'ombe wangu chotara" anasema huku kifua mbele. Ukiwa mbwa, chotara ni kuteremshwa cheo kidogo, yaani baba alikuwa shepadi ila mama, hmm. Ukiwa na miguu miwili bila mabawa inategemea nani anasema, na wapi. Mama yangu aliwahi kuambiwa chotara na mwanamke aliyekuwa akimsifia nywele na akaambiwa chotara na mwanamke huyohuyo walipogombania zamu ya bomba. Upande wa pili nako kuna hili: kuku wa kienyeji sokoni ni ghali kuliko wa kisasa, na mwenye hoteli huandika "wa kienyeji" kwa herufi kubwa ukutani. Mbwa wa kienyeji hana anayemwandika ukutani.

Suriama ni neno zito zaidi, na limekuwa likipotea. Linabeba suria ndani yake. Suria alikuwa mtumwa mwanamke aliyewekwa nyumbani na bwana wake, na mtoto aliyezaliwa naye, baba akimkubali, alikuwa huru na halali mbele ya sheria kama ndugu zake wa mke wa ndoa. Hiyo ni sheria. Ulimi ni kitu kingine. Sasa angalia jambo hili: Sayyid Said alipofariki mwaka 1856, watoto wake waliobaki hai, ambao binti yake Salme (baadaye Emily Ruete) anawahesabu 36 katika kumbukumbu zake zilizotoka mwaka 1886, wote walikuwa wamezaliwa na masuria. Mama yake Salme alikuwa Mcherkesi. Mama yake Barghash alikuwa Mhabeshi. Wana waliotawala Unguja baada ya baba yao, Majid, Barghash, Khalifa, Ali, kila mmoja alikuwa mtoto wa suria. Kama suriama lilikuwa na maana ya uzao tu, basi Zanzibar iliongozwa na suriama mfululizo kwa miongo. Nani aliyethubutu kuwaita hivyo? Neno lilisubiri watu wa chini. Likawangoja akina mama yangu, mtoto wa muuza duka.

Mshenzi ndilo lililosafiri mbali kuliko yote, na safari yake ndiyo iliyonifanya niandike makala haya.

Kwenye pwani ya karne ya 19 watu waligawanywa waungwana na washenzi. Muungwana ni mtu wa mji, mwenye nasaba, dini na kanzu safi. Mshenzi ni mtu wa bara. Jonathon Glassman, katika kitabu chake cha 2011 kuhusu fikra za ubaguzi wa Zanzibar, anaonyesha jinsi mizani ya ustaarabu na ushenzi ilivyokuwepo kabla ya wakoloni na jinsi ilivyoingia hadi kwenye siasa za damu za miaka ya 1950. Ila kabla ya hapo neno lilikuwa limeshapanda misafara. Hamed bin Muhammed el Murjebi, Tippu Tip, aliyeyasimulia maisha yake kwa Kiswahili, anawataja washenzi kama mtu anavyotaja miti ya njiani. Wapagazi, askari na wafanyabiashara wake walilipeleka neno hadi mto Kongo. Kiswahili walichokiacha huko kiliitwa Kingwana, lugha ya waungwana. Na upande wa pili wa waungwana ukaenda nao vilevile. Katika Kilingala washenzi wakawa basenji, kiambishi tu kimebadilika, wa- imekuwa ba-.

Msomaji anayewajua mbwa ameshanitangulia.

Kwenye misitu ya Kongo kulikuwa na mbwa mdogo wa kuwindia, masikio yamesimama, mkia umejikunja kama bangili, paji la uso lina mikunjo. Habweki kama mbwa wengine. Hutoa sauti kama ya mtu anayeimba kwa koo. Kwa kuwa anakimbia kimya, wawindaji humfunga kengele ya mbao shingoni ili wajue yuko wapi. Mwaka 1895 Waingereza walileta jozi moja kwenye maonyesho ya Crufts, London. Wakafa muda mfupi baadaye kwa ugonjwa wa mbwa. Mwaka 1936 mwanamke Mwingereza, Olivia Burn, alifanikiwa kuwafikisha wengine wakiwa hai, na mwaka 1937 walipoonyeshwa Crufts watu walijaa kuwatazama mbwa wasiobweka. Walihitaji jina la aina ya kuandika kwenye daftari. Jina waliloandika ni Basenji.

Yaani washenzi. Mbwa safi kabisa, mwenye cheti cha ukoo kilichogongwa muhuri London, anaitwa mshenzi, na wenyewe wanalitamka kwa mapenzi bila kujua. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 klabu ya mbwa ya Marekani nayo ikamwandikisha. Ukimnunua leo unapewa nasaba yake ya vizazi kadhaa. Nasaba ya washenzi! Waungwana wa Mrima wangezimia.

Wakati huohuo huko kwao mbwa huyo, neno lilikuwa likifanya kazi yake ya kawaida. Katika Kongo ya Wabelgiji, "basenji" liliingia hadi kwenye Kifaransa cha wakoloni kuwa jina la dharau la wanakijiji. Kinyume chake walikuwa "évolués", Waafrika waliosoma, waliovaa tai, waliokula kwa uma. Lakini mtu hakutosha kusema yeye ameendelea. Mwaka 1948 serikali ya koloni ilianzisha kadi ya sifa za uraia, na mwaka 1952 ikaongeza kadi nyingine ya juu zaidi, ambayo mwombaji alipekuliwa hadi nyumbani kwake kuona anaishi vipi na mkewe na wanawe. Hivyo kuna miaka ambayo mbwa aliyetoka kijijini Kongo alikuwa na karatasi Ulaya kwa sababu ni basenji halisi, na mtu aliyetoka kijiji hichohicho alikuwa akitafuta karatasi Leopoldville kuthibitisha kwamba si basenji. Nimeirudia sentensi hii mara nyingi nikitafuta kama nimetia chumvi. Sijatia.

Si Kongo tu. Neno kafiri nalo lilipita pwani hii. Mabaharia Wareno walilipokea kutoka kwa Waislamu wa huku, likashuka hadi Afrika Kusini likawa tusi baya kuliko yote, na walowezi wakamwita mbwa wa vijijini kwa tusi hilohilo. Leo kuna watu huko, akiwemo Johan Gallant aliyeandika kitabu juu ya mbwa hao mwaka 2002, wanaomwita Africanis, jina lililoungwa kwa Afrika na neno la Kilatini la mbwa. India, Waingereza walichukua jina la Waparaiyar, watu wa Tamil waliohusishwa na kupiga ngoma, tabaka lililobaguliwa na jamii yake yenyewe, wakawapa mbwa wa mitaani: "pariah dog". Na nyanda za juu za Kenya walowezi walisema tu "shenzi". Mbwa shenzi, barabara shenzi, kazi shenzi. Mwaka 1994 Disney wakamwita fisi wao Shenzi, na watoto wa dunia nzima wakalijifunza kwenye katuni.

Ukiyaweka pamoja unaona kitu ambacho mimi sikukitarajia. Hakuna hata mbwa mmoja kati ya hawa aliyepewa jina kwa sababu amechanganyika. Alipewa jina la watu aliokuwa akiishi nao. Dharau iliwahusu watu, mbwa akaipokea kwa sababu alikuwa amelala mlangoni pao.

Kuchanganyika kwenyewe ni uongo. Mwaka 2009 jopo la watafiti lililoongozwa na Adam Boyko lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya mbwa wa vijijini kutoka Misri, Uganda na Namibia. Wapo waliokutwa na damu ya mbwa wa kigeni, lakini kwa sehemu kubwa mbwa hao hawakuwa mabaki ya mbwa wa Kizungu waliozaana ovyo. Ni mbwa wa hapa, wenye historia yao ndefu. Basenji alikaa nao vizuri, ndugu wa damu. Aliyeshindwa mtihani ni yule Rhodesian ridgeback, mbwa mwenye jina la Kiafrika na bei kubwa: asili yake kwa sehemu kubwa ilionekana ni ya nje. Kwa hiyo kijana wa chanjo aliyemtazama Tomi na kuona takataka za kila namna alikuwa anamtazama mbwa ambaye ukoo wake huenda umekaa upande huu wa dunia kabla neno "shepadi" halijatungwa. Sina uthibitisho juu ya Tomi mwenyewe, na simpeleki kupimwa, ana woga wa sindano.

Na daftari safi lina gharama zake. Basenji wote wa Marekani walitokana na mbwa wachache mno, na kwa kuwa kitabu kilikuwa kimefungwa walizaana wao kwa wao hadi ugonjwa wa figo wa kurithi ukaenea. Mwaka 1987 na 1988 wafugaji wa Kimarekani walisafiri hadi Zaire kutafuta mbwa vijijini, na mwaka 1990 klabu ya mbwa ya huko ikakubali kulifungua daftari ili mbwa 14 wapya waandikwe. Ndiyo, walirudi kwa wenye kengele za mbao kuomba damu.

Sasa nirudi kwenye kadi, maana mpaka hapa mtu anaweza kusema: sawa, historia tamu, lakini mbwa hajui ameitwaje, ana madhara gani? Mimi pia ningesema hivyo kama nisingemsikia jirani yangu. Siku ileile ya chanjo nilimkuta amekaa kwenye ngazi za nyumba yake, mbwa wake amelala miguuni pake. Mbwa huyo anamfuata hadi dukani, na usiku ndiye anayetuamsha mtaa mzima mwizi akipita. Nikamuuliza mbona hajampeleka, chanjo ni bure. Akasema, "Ah, huyu? Huyu koko tu. Ile ni ya mbwa wa watu."

Mbwa wa watu! Na yeye ni nani?

Utafiti wa miaka mingi uliofanywa kaskazini mwa Tanzania, katika wilaya zinazozunguka Serengeti, unaonyesha kwamba mbwa walio wengi tunaowaona wakizurura wana wenyewe. Wanalala kwa mtu, wanakula kwa mtu. Wanatembea tu, kama mbuzi na kuku wanavyotembea. Wataalamu wanasema ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo na kuendelea hivyo, kichaa cha mbwa kinakosa pa kupita. Mbwa wanaohitajika kufikisha asilimia hiyo si wa kwenye mageti. Ni hawa wa ngazini. Na wanafikishwa na mtu anayekubali kwamba ni wake. Neno koko linamwondolea mwenyewe kazi hiyo kwa silabi mbili. Vilevile linawarahisishia wenye bunduki, kwa sababu kila inapotangazwa operesheni ya kuua mbwa wanaozurura, wanaouawa wanaitwa koko kwanza. Wanasiasa wetu wanapenda kusema ukitaka kumuua mbwa mpe jina baya. Huwa wanajizungumzia wao wenyewe, lakini methali inamhusu mbwa.

Basi mpwa wangu alikuwa sahihi kuliko kamusi zangu. Ubaya wa koko hauko kwenye mchanganyiko. Uko kwenye kusema kwamba mtu hana kwao. Ndilo lililokuwa jeraha la mama yangu pia, nilipomuuliza vizuri jioni moja. Kuchanganyika hakukumsumbua, alikuwa anajua baba yake ni nani na mama yake ni nani, na Idi alikwenda kote. Kilichomuuma ni kwamba kila upande, akiondoka, ulimwambia arudi kwao.

Mimi neno koko sitalifuta, wala sina uwezo huo. Mbwa wa kweli asiye na mwenyewe yupo na anahitaji jina, na la zamani la kichakani si baya. Chotara nitawaachia wenye ng'ombe. Shenzi halitoki tena mdomoni mwangu, hata kwa barabara.

Mwaka jana chanjo ilirudi. Safari hii alikuwepo dada mmoja mwenye koti jeupe, naye aliuliza: "Aina?" Nilikuwa bado natafuta pa kuanzia, karne ya 15 au karne ya 19, mpwa wangu akanitangulia. "Wa hapahapa." Yule dada akamtazama, akaandika "Kienyeji". Mama aliisoma kadi kwa miwani, akaiweka kwenye lile kopo la biskuti lenye vyeti vyetu vya kuzaliwa.

Jirani naye alimleta wake, kamfunga kipande cha khanga shingoni kwa kukosa kamba. Nilichungulia kadi yake tukiwa tunaondoka. Aina: koko. Alikuwa amejibu hivyo mwenyewe. Kwenye mstari wa jina la mwenye mbwa alikuwa ameandikisha majina yake yote matatu, na kadi akaikunja vizuri, akaitia mfuko wa shati.